Uzazi wa mpango, kunenepa na usugu wa insulini: dada, dai kupimwa kabla hujaacha njia

nesi wa ziwani

Habari zenu wakuu, na hasa dada zangu na mama zangu mnaopita humu.

Haipiti muda bila kuletwa hapa kisa cha mtu aliyechoma sindano ya uzazi wa mpango, akanenepa, kisha jirani akamwambia kisukari kinamnyemelea. Majibu huwa ya aina mbili. Wapo wanaomwambia atupe dawa zote mara moja, na wapo wanaomwambia sindano haihusiki hata kidogo, apunguze kula. Majibu yote mawili yanamwumiza. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto huku Kanda ya Ziwa, jambo hili nakutana nalo kazini kila mara, na linanikera kuona wanawake wanaachwa peke yao kati ya uvumi na dharau. Naomba niliandike kwa kirefu. Mwenye swali aulize, nitajibu nikitoka zamu.

Kwanza insulini. Ukila ugali, wali au chapati, ukinywa chai ya sukari, sukari inaingia kwenye damu na kongosho linatoa insulini ili misuli na ini viipokee. Mwili ukiwa na usugu wa insulini, misuli na ini haviitikii vizuri, kwa hiyo kongosho linatoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile. Hali hiyo inaweza kwenda miaka huku kipimo cha sukari kikisoma vizuri, kwa kuwa kongosho bado linamudu. Dalili za mapema ziko kwingine: kiuno kinapanuka, presha inapanda taratibu, mafuta ya damu yanaongezeka, na kwa baadhi yetu shingo na kwapa vinaweka weusi mnene, ngozi inakuwa kama mahameli. Dada, weusi ule hautoki kwa dodoki wala kwa krimu ya kung'arisha. Ukiuona, nenda kapime sukari.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Watu husema "uzazi wa mpango" kana kwamba ni dawa moja. Kidonge cha homoni mbili (estrojeni na projestini), sindano, kijiti na kitanzi cha shaba ni vitu vinne tofauti kabisa mwilini, na kwenye suala la sukari tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Vidonge ndivyo vilivyoanza kushukiwa. Enovid, kidonge cha kwanza kuruhusiwa Marekani mwaka 1960, kilikuwa na karibu miligramu 10 za projestini na mikrogramu 150 za estrojeni. Mwaka 1966 Wynn na Doar wa London walichapisha katika jarida la Lancet kwamba wanawake waliomeza vidonge vya wakati ule miili yao ilishindwa kuishughulikia sukari kama kawaida. Tangu hapo dozi zikashushwa. Vidonge vya majira vingi tunavyogawa leo vina mikrogramu 30 za estrojeni. Hata hivyo mwaka 1990 timu ya London, safari hii wakiwa na wanawake zaidi ya 1,000, ilionyesha kwamba vidonge vyenye dozi ndogo navyo vilipandisha insulini na sukari baada ya mtu kunywa glukosi, na kwamba kiasi cha kupanda kilitegemea aina ya projestini iliyomo. Lakini wauguzi wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi wakitumia vidonge hawakuonekana kupata kisukari kwa wingi unaotisha kuliko wenzao. Kwa mwanamke mwenye afya, kidonge kinausumbua mwili kidogo na mwili unahimili.

Mapitio makubwa ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, nayo yalifika hapohapo: kwa wanawake wasio na kisukari, athari ya homoni hizi kwenye sukari ni ndogo. Ila yaliongeza neno ambalo mimi nalipa uzito mkubwa: wanawake wenye uzito uliozidi walichunguzwa kwa uchache mno. Nikitazama benchi la kliniki yetu asubuhi, wengi walioketi pale ni hao ambao utafiti umewaruka.

Tuje kwenye sindano, ile ya miezi mitatu yenye miligramu 150 za medroksiprojesteroni. Homoni hii ina tabia moja ambayo projestini nyingine hazina kwa kiwango hicho: inagusa pia milango ya kortisoli, homoni ya msongo, ambayo ikizidi hupandisha sukari na kulundika mafuta tumboni. Wanawake wengi pia wanasema hamu ya kula inaongezeka. Huko Texas wanawake waliotumia sindano miaka mitatu waliongezeka wastani wa kilo 5.1, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa mafuta.

Msiseme ni mambo ya Marekani tu. Utafiti wa ECHO ulifanyika Afrika, kwa wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, na kwa Kenya kituo kilikuwa Kisumu, ng'ambo tu ya ziwa hili ninaloliona nikiandika. Lengo lake lilikuwa kujua kama sindano inaongeza hatari ya VVU, na majibu ya 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa kati ya njia zile. Ila wanawake walipimwa uzito pia, na walikuwa wamepangiwa njia kwa bahati nasibu, kwa hiyo huwezi kusema walaji wakubwa ndio waliochagua sindano. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wa sindano waliongezeka wastani wa kilo 3.5, wa vijiti kilo 2.4, wa kitanzi cha shaba kilo 1.5.

Zitazameni namba hizo kwa makini. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata tone, na bado wenye nacho waliongezeka kilo moja na nusu. Hiyo ni sehemu ya maisha: umri, chakula, kazi za kukaa. Kilo mbili zinazobaki ndizo za sindano. Kwa hiyo anayesema sindano hainenepeshi anakosea, na anayesema kila kilo aliyoongezeka imetoka kwenye sindano naye anakosea. Halafu wastani unaficha watu. Wapo wasioongezeka kabisa, na wapo wanaopanda vibaya. Dalili ya kukuambia wewe ni wa kundi gani inapatikana mapema: ukiongezeka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita ya kwanza, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, uwezekano ni mkubwa utaendelea kupanda. Hapo ndipo pa kubadilisha njia. Usingoje miaka mitatu.

Na nasema kubadilisha. Usiache tu ukarudi nyumbani bila njia yoyote.

chai ya rangi

Asante sana dada nesi, umenigusa. Mimi nilianza sindano baada ya mtoto wa pili nikiwa na kilo 61. Nilifika 72. Nilipolalamika kituoni nikajibiwa kuwa ndoa imenikubali, nipunguze chipsi. Nikaona aibu, sikurudi tena, wala mume sikumwambia. Haikupita muda mrefu nikapata mimba ambayo hatukuipanga, na kwenye mimba hiyo ndipo nikaambiwa nina sukari. Mtoto alizaliwa mkubwa, kwa upasuaji. Sasa ana miezi minne, namnyonyesha. Nauliza, sindano ndiyo iliyonipa kisukari? Na sasa nitumie nini?

nesi wa ziwani

Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Uliyojibiwa hukustahili. Mwanamke akipanda kilo 11 anapimwa presha, kiuno na sukari, halafu anaonyeshwa njia nyingine. Ndiyo kazi yetu.

Kuhusu kama ni sindano, hakuna mtu anayeweza kukuthibitishia kwa mgonjwa mmoja. Ninachoweza kukueleza ni mlolongo. Kilo zile ziliongeza usugu. Kisha mimba yenyewe, hasa kuanzia katikati, inafanya mwili wa mama uwe sugu zaidi kwa insulini, maana kondo la nyuma linatoa homoni zinazoacha sukari ya kutosha kwa ajili ya mtoto. Kongosho ambalo lilikuwa tayari limechoka linashindwa hapo, na hicho ndicho kisukari cha mimba. Ndiyo sababu sipendi mtu aambiwe aache njia bila kupewa nyingine: kwa upande wa sukari, mimba ni mtihani mzito kuliko sindano, kijiti au kidonge chochote.

Sasa wewe. Mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari ya kisukari aina ya 2 mara saba hadi kumi ya mwenzake ambaye hakukipata. Ulipaswa kupimwa tena kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kutolewa damu baada ya saa mbili. Kama hukupimwa, kapime wiki hii. Ukisoma 11.1 mmol/L au zaidi baada ya saa mbili, au 7.0 na kuendelea ukiwa hujala, hicho ni kisukari, ingawa kama huna dalili kipimo hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Ukisoma chini ya hapo, bado upime kila mwaka, maana hatari yako haiishi mtoto akianza kutembea.

Njia gani? Shirika la Afya Duniani linaruhusu njia zote kwa mtu mwenye historia kama yako, nakwambia ukweli huo usije ukaogopeshwa. Ila kuna utafiti wa Los Angeles wa 1998, kwa wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliokuwa wamepata kisukari cha mimba. Waliomeza kidonge cha projestini peke yake huku wakinyonyesha walipata kisukari karibu mara tatu ya waliotumia vidonge vya homoni mbili. Vidonge vya homoni mbili kwako bado, kwa kuwa unanyonyesha na mtoto hajafika miezi sita. Sindano nayo ilikuja kuchunguzwa kwa wanawake kama hao, na hatari ilionekana kupanda, lakini uzito ulipoingizwa kwenye hesabu tofauti ilipungua sana. Yaani kilo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya hatari. Ukiniuliza mimi, mtu aliyekwisha kupanda kilo 11 kwa sindano na akapata sukari kwenye mimba, ningemweleza kitanzi cha shaba kabla ya kingine chochote, alimradi hedhi yake si nzito na damu yake imetosha.

mwanapwani

Mwanangu nesi, nakuheshimu kwa elimu yako, lakini mimi naona mnazunguka mbuyu. Bibi zetu hapa Tanga walizaa kumi, hawakujua sindano wala vijiti, na kisukari hakikuwa ugonjwa wa kila nyumba. Leo kila binti ana kijiti mkononi na kila familia ina mgonjwa wa sukari. Nyinyi hamwoni?

nesi wa ziwani

Shikamoo mzee wangu. Naona, na sidharau unachokiona, kwa sababu ni kweli kwamba vyote viwili vimeongezeka katika kipindi kimoja. Lakini hebu tutazame wanaume. Baba zetu na kaka zetu wa mjini wanaugua kisukari kwa wingi, na hakuna hata mmoja aliyechoma sindano hii. Kilichobadilika kwa wote ni soda, mafuta ya kukaangia kila siku, sembe nyeupe, bodaboda kwa safari ya nusu kilomita, na kazi ya kukaa kutwa.

Bibi waliozaa kumi, mzee wangu, tunawakumbuka waliobaki. Waliofia kwenye uzazi wa saba au wa nane hawapo kutusimulia. Sindano hii inastahili kuulizwa maswali makali kuhusu uzito, nami nimeyauliza hapo juu. Kuibebesha kisukari cha taifa zima ni kumnyima binti njia bila kumpunguzia sukari.

tabibu wa zamu

Nesi ameeleza vizuri, naongeza la vituo vyetu. Zahanati nyingi za vijijini hazina kipimo cha glukosi gramu 75, wala HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu. Msikate tamaa kwa hilo. Futi ya fundi cherehani inatosha kuanza: pima kiuno juu kidogo ya kitovu, katikati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Zaidi ya sentimita 80 kwa mwanamke ni onyo, zaidi ya 88 ni onyo kubwa. Mizani ipo kila kliniki, mashine ya presha ipo, na vipande vya kupima sukari ya asubuhi kabla ya kula mara nyingi vipo. Naomba kila mwanamke aandikiwe uzito, kiuno na presha kwenye kadi yake siku anapoanza njia, ili akirudi baada ya miezi mitatu kuwe na cha kulinganisha. Bila namba ya mwanzo tunabaki kubishana kwa macho.

dada wa Eldoret

Niko Kenya, nimefuata huu uzi kimya. Mimi niko na PCOS, ule ugonjwa wa homoni kwenye ovari, hedhi inapotea hata miezi minne, ndevu kidogo kidevuni, shingo nyeusi vile nesi amesema. Daktari ameniandikia tembe za homoni mbili pamoja na metformini, dawa ya sukari. Lakini umesema tembe zinapandisha insulini, na mimi shida yangu ndiyo hiyo insulini. Mbona anipe kitu cha kuniongezea shida?

nesi wa ziwani

Swali zuri sana dada, na daktari wako hakukosea.

Kwenye PCOS insulini iliyozidi inazichochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Vilevile inalifanya ini lipunguze protini inayozibeba homoni hizo kwenye damu, kwa hiyo nyingi zinabaki huru. Ndevu na chunusi zinatoka hapo. Kupotea kwa hedhi kunatokana na yai kutokomaa na kutolewa. Estrojeni ya kwenye tembe inalifanya ini litengeneze protini ile kwa wingi, homoni za kiume zinashikwa, ndevu zinapungua kasi. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukikaa miezi minne bila hedhi, utando wa ndani ya mji wa mimba unaendelea kujengeka bila kutoka, na baada ya miaka hiyo ni hatari ya saratani. Tembe zinaulinda utando huo. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unazipendekeza kwa ajili ya hedhi na nywele, na metformini kwa upande wa sukari na uzito. Kile kidogo ambacho tembe zinaongeza kwenye insulini kinabebwa na metformini, na zaidi na mwendo wako na sahani yako.

Angalia mambo mawili. Presha yako ipimwe kabla ya kuanza na irudiwe, maana estrojeni inaweza kuipandisha. La pili, siku ukiacha tembe ukabaki na metformini peke yake, usidhani bado umekingwa. Metformini inaweza kuziamsha ovari, ukatoa yai ambalo hukulitegemea, ukashika mimba kabla hujajua.

mama pacha

Na P2 je, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba? Binti zetu wanazimeza kama pipi.

nesi wa ziwani

Mama, P2 ya mara moja haibadilishi sukari ya mtu kwa namna ya kudumu. Akiimeza kila wikendi tatizo lake ni kwamba hana njia ya kudumu, na P2 inashindwa kuzuia mimba mara nyingi kuliko njia za kawaida. Mlete kliniki bila kumgombeza.

kijana wa Mbozi

Dada nesi, mke wangu ana miaka 38, ana kisukari tangu mtoto wetu wa mwisho, anatumia metformini. Vidonge vya majira ananunua duka la dawa mwenyewe, vile vya homoni mbili, hajawahi kuulizwa chochote. Juzi tulipima presha ikasoma 150 kwa 95. Nimesoma hapa nikapata wasiwasi. Aache leo?

nesi wa ziwani

Ahsante kaka kwa kuuliza, na wasiwasi wako una msingi. Kwa presha ya 140 hadi 159 kwa juu, au 90 hadi 99 kwa chini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema vidonge vya homoni mbili kwa kawaida visitumike, na ikifika 160 kwa 100 visitumike kabisa. Yeye ana kisukari juu yake, na umri zaidi ya 35. Vitu hivyo vitatu vikikutana na estrojeni vinaongeza hatari ya kiharusi na ya moyo. Kama anavuta sigara, niambie pia.

Muwe na kondomu nyumbani kuanzia leo, vidonge asiendelee navyo, na mwende kituoni kesho au keshokutwa, wote wawili. Presha irudiwe akiwa amekaa na kupumzika, maana kipimo kimoja hakitoshi kusema ana ugonjwa wa presha. Mwombe tabibu amwangalie macho, figo kwa kipimo cha mkojo, na miguu. Kama kisukari kimeshagusa macho, figo au mishipa ya fahamu, sindano nayo inatoka kwenye orodha yake. Kinachobaki na usalama wa juu kabisa ni kitanzi cha shaba, na kijiti kinafuata kwa karibu.

kijana wa Mbozi

Nimekuelewa. Ila kitanzi anakiogopa, anasema kinaongeza damu ya mwezi na kinatembea mpaka tumboni.

nesi wa ziwani

Damu ni kweli, inaweza kuongezeka na maumivu ya hedhi pia, zaidi miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha kwa wengi hupungua. Ndiyo maana apimwe wingi wa damu kwanza. Kutoboa mji wa mimba kunaweza kutokea wakati wa kuweka lakini ni nadra sana, chini ya mtu mmoja katika wanawake 500, na hupungua kwa mtoa huduma mzoefu. Hakisafiri mwilini hovyo. Akikataa kitanzi baada ya kuelezwa, ni haki yake, aelezwe kijiti: hakina estrojeni, kwa hiyo presha haikizuii, ila apimwe uzito na sukari miezi mitatu baada ya kuwekwa. Na hata asipopata njia siku hiyo, asitoke pale bila tarehe ya kurudi, kwa sababu mimba isiyopangwa kwa mama mwenye sukari isiyodhibitiwa inamdhuru mtoto katika wiki za kwanza kabisa, wakati viungo vinaumbwa na yeye hajajua bado kama ana mimba.

Mkifika, ombeni namba zake ziandikwe kwenye kadi: uzito, kiuno, presha, sukari ya asubuhi. Kisha urudi hapa utuambie wamesemaje.